Kitindamimba wa Matofali

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Fundi Makochi, na mkewe, bila watu kuumiza kichwa, akaitwa Mama Makochi. Ajabu ni kwamba nyumbani kwao hapakuwa na kochi hata moja la kwao. Mgeni alikalishwa kwenye kiti cha plastiki, akapewa chai ya rangi, na kama ni mtu wa maneno alitoka pale akisema wale watu wana mkono wa birika. Hakusema uongo sana. Ila hakujua kuwa walikuwa na mtoto wa kulisha.

Mtoto mwenyewe ni nyumba. Waliinunua kwa mkopo wa benki wa miaka ishirini: vyumba viwili, sebule, na kibaraza kilichozibwa kwa mabati ambacho Fundi alikigeuza karakana. Siku ya kuhamia, binti yao wa pekee, wakati huo kibogoyo wa meno ya mbele, aliuliza kwa nini kila mtu anazungumzia nyumba tu na yeye hazungumziwi. Mama yake akamwambia amepata mdogo wake, huyu ndiye kitindamimba. Jina likaganda. Tangu hapo, mteja akishalipa, Fundi huuliza, "Kitindamimba amekula?" na hakuna aliyethubutu kugusa hela mpaka fungu la nyumba liingie kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati. Binti alimwonea wivu mdogo wake kweli kweli. Akitaka viatu vipya huambiwa asubiri, mwenzake bado ananyonya.

Aliyewatia wazimu huo ni karani wa benki. Aliwaeleza kuwa wakilipa rejesho la mwezi peke yake, kwa miaka mingi watakuwa wanashibisha riba. Lakini wakiongeza chochote, na wakasema wazi kuwa nyongeza hiyo ni ya kupunguza deni lenyewe, miaka itakatwa. Mama Makochi alimfanya arudie maelezo yote tangu mwanzo, kisha wakatoka pale wamejifunga kibwebwe. Chai ya maziwa ikawa ya Jumapili. Kipande cha sabuni kikakatwa nusu kabla hakijaonja maji. Vitambaa vilivyobaki vikawa vishikio vya sufuria vya kuuza. Fundi akawa anakwenda dukani kwa miguu na kurudi na sponji kichwani, imemfunika mpaka mabegani, watoto wa mtaani wakimwita godoro linalotembea. Na sarafu walizozikuta ndani ya makochi ya watu? Hizo Mama Makochi alizirudisha zote kwa wenyewe, pamoja na vijiko, hereni, na siku moja meno ya bandia ya babu fulani aliyekuwa amemnunia mjukuu wake mwezi mzima. Alisema kitindamimba wake hatalishwa vya wizi.

Kazi waligawana. Fundi alitengeneza fremu, akafunga mikanda na springi, akajaza sponji. Mkewe alishona nguo ya kochi, na mshono wake ulisifiwa kwa kunyooka. Kila kochi lilipokamilika, kabla ya kumwita mteja, Fundi alipitisha kiganja juu ya mshono, kuanzia mkono mmoja wa kochi hadi wa pili, taratibu, bila kusema kitu. Mtu asiyemjua angedhani anakagua. Hakuwa anakagua. Alikuwa anajivunia mke wake, na kwa kuwa maneno ya namna hiyo yalimshinda tangu ujana, aliyasema kwa kiganja.

Basi kiganja ndicho kilichojua kwanza. Kilikuwa kinapita juu ya kochi la mwalimu mkuu mmoja, kikakuta mshono umekwenda vizuri, ukapinda, ukarudi njiani. Fundi akailaumu cherehani. Akaifungua, akaitia mafuta, hakuona ubovu. Wiki iliyofuata mshono ukapinda tena. Ndipo akaanza kumtazama mkewe. Akaona anavyomwita msichana wa jirani amtungie uzi, akisingizia kwamba sufuria iko jikoni inaungua. Akaona anavyosogeza kitambaa mpaka kinagusa pua. Akaelewa, na akanyamaza.

Hapa mtu atamlaumu, na alaumiwe tu. Ulikuwa mwaka wa kumi na nne wa mkopo wa miaka ishirini, na deni lililobaki lilikuwa dogo kiasi kwamba kopo likijaa mara moja tu lingelifuta. Akajiambia wamalize nyumba kwanza, macho yatafuata. Ikawa mkewe akienda sokoni, yeye anafumua mshono uliopinda na kuurudia kwa mkono, jasho linamtoka, sikio liko mlangoni. Mama Makochi akirudi, anamkuta anagonga misumari huku anapiga mluzi. Alimpenda mkewe na alikuwa anamdanganya, na hayo yote mawili yalimnyima usingizi.

Binti, ambaye sasa alikuwa mtu mzima anayefanya kazi mji mwingine, alikuja likizo. Mama yake alimmiminia chai huku anamuuliza habari za kazini. Chai ikapita pembeni ya kikombe, ikajaza kisahani, ikatambaa mezani, na mama bado anamimina, bado anatabasamu. Binti akamtazama baba yake. Fundi akatazama sakafu. Baadaye binti alimfuata karakana, akasimama kati yake na mlango.

"Baba, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Basi huyu mdogo wangu amekula vya kutosha. Sasa ale mama."

Hakupaza sauti. Angepaza, Fundi angepata pa kujitetea, angesema mtoto gani huyu asiye na adabu. Kwa upole ule alikosa pa kushika. Akaingia ndani, akateremsha kopo.

Mama Makochi alikataa katakata. Akadai ni uzee tu, kila mtu wa umri wake haoni vizuri. Akaahidi atakwenda hospitali siku ileile watakayotoka benki. Fundi akaliweka kopo mapajani mwa mkewe, akachuchumaa mbele yake.

"Kitindamimba safari hii atalala na njaa," alisema.

"Hajawahi kulala na njaa, baba," mkewe alisema.

"Ameshakuwa mkubwa. Atavumilia."

Mama Makochi akalikumbatia kopo na kulia, na Fundi akabaki amechuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi, kwa sababu angesimama, machozi yake naye yangeonekana.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mama Makochi akauliza, kwa umri huu tena mtoto mwingine? Daktari alicheka mpaka muuguzi akachungulia. Kisha akawaambia jambo lisilochekesha: jicho la kulia litarudi vizuri, lakini la kushoto lina tatizo jingine nyuma yake, limechelewa, halitapona lote. Fundi akahesabu kimoyomoyo miezi aliyokuwa akifumua mishono.

Operesheni ikafanyika. Kopo likarudi kabatini tupu. Siku bandeji ya mwisho ilipotolewa, Mama Makochi alisimama sebuleni kwake akageuka polepole. Ukuta aliodhani ni mweupe ulikuwa rangi ya chai. Juu ya mlango kulikuwa na ufa, na buibui walikuwa wamejijengea bila mkopo wa mtu.

"Kumbe miaka yote tunalipia nyumba chafu hivi," alisema. Kisha akamgeukia mumewe. "Na wewe umezeeka lini?"

Fundi akamjibu kuwa alizeeka siku moja mkewe alipokuwa sokoni. Wakacheka. Lakini neno sokoni lilikuwa limeshatoka, na Mama Makochi akaenda moja kwa moja karakana, akachukua mto wa kochi uliokuwa ukimsubiri mteja, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha. Pembeni ya mshono kulikuwa na mstari wa vitundu vidogo, alama za mshono mwingine uliofumuliwa.

"Huu si mshono wangu."

"Si wako," Fundi alisema. "Nilijua siku nyingi, mama. Nikaona bora nyumba iishe kwanza. Jicho lako la kushoto nimelila mimi. Nisamehe."

Mama Makochi akatembeza kidole juu ya vitundu.

"Macho ndiyo yaliyokufa, baba. Vidole vilikuwa hai. Kila nikirudi nilipapasa, nikakuta umerudia. Nikasema nikifungua mdomo, huyu atavunja kopo." Akaurudisha mto mahali pake. "Unadhani sokoni nilikuwa nakaa kutwa nzima nanunua nini? Nilikuwa nachelewa ili umalize."

 Fundi alihisi amesamehewa, na hilo lilimuuma zaidi kuliko kama angegombezwa.

Iliwachukua mwaka mwingine kulijaza kopo, na bado ilikuwa mapema sana kwa hesabu ya benki. Waliporudi na hati ya nyumba, mteja wa kwanza alipolipa, Fundi aliuliza kwa mazoea kama kitindamimba amekula. Wakatazamana.

"Ameshaacha ziwa," Mama Makochi alisema. Akaichukua hela ile, akaenda nayo duka la vitambaa. Alishinda huko nusu siku akichagua rangi, akatoa kila jora nje kulitazama juani, mpaka mwenye duka akamletea kiti. Alirudi na kitambaa cha buluu. Fundi akatengeneza fremu, akafunga springi zake bora, na mkewe akashona nguo yote peke yake, uzi akiutunga mwenyewe. Lilikuwa kochi lao la kwanza.

Lilipokamilika likaingizwa sebuleni. Fundi akalizunguka, akalisifu, akakunja mikono kifuani. Tangu siku ya mto ule hakuwa amegusa tena mshono wa mkewe. Aliona haya.

"Hukupitisha mkono," Mama Makochi alisema.

"Sikagui tena, mama."

"Nani alikwambia mimi nilidhani unakagua?"

Akamshika mkono, akakifungua kiganja chake, akakiweka juu ya mshono. Fundi akaanza, kutoka mkono mmoja wa kochi kwenda wa pili, taratibu, mkewe amesimama karibu yake. Upande wa kushoto, karibu na mwisho, mshono ulipinda kidogo. Kiganja hakikusimama, kikapita mpaka mwisho.