Kinanda cha Dobi na Sauti ya Mama Mkwe

Riziki yake ilitoka kwenye pasi. Duka lake la dobi lilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi, na mashati ya watu yaliyoning'inia kama wageni wanaosubiri kuitwa. Kila mtu alimwita Dobi, hata mkewe, siku ambazo hakuwa na hasira. Mfukoni mwa aproni hakikosekani kinanda cha mdomo, kile kidogo cha kupuliza na kuvuta, alichoachiwa na mjomba wake. Pasi ikiwa inapata moto, yeye anapuliza.

Enzi za ujana wake, kabla hajaoa, alijiunga na bendi ndogo iliyopiga Jumamosi alasiri katika ukumbi wa chama cha wafanyakazi. Mwimbaji wao alikuwa mama mmoja mshonaji, mjane, mwenye sauti nzito iliyotulia. Siku ya kwanza Dobi alitaka aonekane. Kila palipokuwa na mwanya alijaza, na pasipokuwa na mwanya alitoboa. Alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Katikati ya wimbo wa pili yule mama akanyamaza, akaegemea ukuta, akamwachia uwanja. Watu wakacheka.

Baadaye alimwita kando, wala hakumfokea. "Mwanangu, kupiga unajua," alimwambia. "Lakini unanikanyaga. Nikiimba, wewe sikiliza. Nikivuta pumzi, hapo ndipo pako."

Dobi alinuna wiki nzima, akaapa kwamba ukumbi ule hataukanyaga tena. Jumamosi ilipofika, miguu ikamsaliti. Safari hii alikifunika kinanda kwa viganja vyote viwili, sauti ikatoka laini kama ya mtu anayeongea chumba cha pili, na macho akayaweka kwenye mabega ya yule mama. Mabega yakipanda, anavuta pumzi. Hapo Dobi anaingia kidogo, kisha anatoka. Wimbo ulipoisha mama alikivuta kiti cha Dobi, akakiweka karibu na pale anaposimama yeye kuimba. Kikabaki hapohapo miaka yote.

Akawa anazijua tabia za waimbaji kama alivyozijua kola za wateja wake. Kulikuwa na mwalimu aliyependa kuanzia chini mno halafu anakosa pa kushukia. Huyo Dobi alimnong'onezea sauti ya kuanzia. Kulikuwa na kinyozi aliyekimbiza nyimbo kana kwamba ameacha mteja nusu kichwa. Huyo alimshikilia kwa mlio mrefu mpaka atulie. Mpiga gitaa wa bendi alimshawishi Dobi siku moja asimame mbele apige peke yake. Akasimama, akapiga, akashangiliwa, akarudi kitini akijihisi kama aliyevaa shati la mteja. Lilimkaa vizuri, lakini si lake. Hakukubali tena.

Binti wa yule mwimbaji, muuguzi, alikuwa akimpitia mama yake ukumbini. Zikaanza salamu, zikaja stori, mwisho wakaoana. Wanabendi walimtania Dobi kwamba alifuata sauti ya mama akarudi na binti. Alicheka nao, ila jambo moja lilimpa tabu: mwenzake wa jukwaani sasa alikuwa mkwe. Ukumbini walielewana bila neno. Sebuleni alimwamkia, akakaa kwenye ncha ya kochi, akasifia chai.

Watoto wakazaliwa, wakakua. Kisha mama mkwe akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakamkauka kinywani, likabaki moja tu: "basi." Akitaka maji, basi. Akimkumbuka marehemu mumewe, basi. Dobi na mkewe walimhamishia nyumbani kwao, na wageni waliokuja kumjulia hali walimpigia kelele kana kwamba amekuwa kiziwi. Yeye aligeuza uso ukutani.

Dobi alitaka sana kumsaidia, lakini angeanzia wapi, mtu ambaye hata chai aliisifia kwa kujikaza? Jumapili moja alimpelekea mashuka aliyotoka kuyapiga pasi, akayaweka kitandani. Akatoa kinanda. Akapiga, taratibu, ule wimbo waliouzoea wa mtu anayemngoja mwenzake dirishani, na kila mahali pa kuimba akapaacha wazi.

Mara ya kwanza mama alibaki ameuelekea ukuta. Mara ya pili mabega ya mama yakapanda. Ikatoka sauti, ya kukwaruza, bila maneno. Dobi hakuongeza kitu. Akarudia. Ndipo maneno yakaja, moja likimvuta mwenzake: *nilikungoja dirishani, na taa yangu mkononi*. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina povu la sabuni, machozi yanamshuka na hayafuti.

Mtaalamu wa hospitali aliwaambia kwamba hutokea hivyo, mtu akashindwa kusema lakini akaweza kuimba, na akawasihi waendelee. Wakaendelea kila alasiri Dobi akifunga duka. Wimbo uleule wakaupachika maneno ya nyumbani: naomba maji, fungua pazia. Mama akaimba kwamba mchuzi hauna chumvi, ubeti mzima, na Dobi akampigia kwa heshima zote huku binti yake, aliyeupika, akiwakazia macho. Pole pole maneno yakaanza kutoka hata bila muziki. Na haya za ukwe zikawatoka wote wawili, bila mtu kutambua lini.

Mama aliporudi ukumbini, waliomjua walijaa mpaka nje. Aliimba ameketi, Dobi ubavuni pake. Kwenye mstari wa dirishani akakwama. Dobi akashikilia mlio mmoja, mwembamba, mpiga gitaa naye akazungukia palepale, hakuna aliyeharakisha. Mama akapata neno, akalitoa kwa sauti yake yote: *nilikungoja kabatini*. Ukumbi ukaangua kicheko. Alishangaa, akatambua alichosema, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akampa Dobi ishara ya kichwa, akaurudia mstari uleule, kabatini, kwa makusudi.

Jioni walikodi teksi. Mama mkwe alikataa kukaa nyuma. Alikaa mbele na dereva, akamwelekeza njia mwenyewe, kwa maneno makavu yasiyo na wimbo: nenda moja kwa moja, punguza mwendo, kulia. Kwenye njia panda alisema kushoto, na nyumba iko kulia. Dobi akamtazama mkewe. Mkewe akageukia dirishani, anatabasamu. Dereva akakata kushoto, wakazunguka na barabara ya sokoni, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kufika.