Jiliwa Alilolikaza Mzee Nzioka

Kuna Jumamosi moja ya Julai, mwanangu, ambayo nikifumba macho hunirudia nzima nzima, na baridi yake, na harufu yake ya vumbi la mbao. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, karani wa stoo katika kiwanda kimoja huku Industrial Area, na kichwa changu kilikuwa kimejaa majiliwa. Jiliwa unalijua, ni kile chuma cha midomo miwili kinachobana kazi juu ya meza ya fundi, ambacho wewe na wenzako mnakiita vaisi. Vijana wa rika langu waliota wasichana na viatu vipya. Mimi niliota midomo ya chuma ikifunguka polepole, bila kelele. Cheka tu, hata mke wangu hucheka.

Wakati huo nilikuwa nimeshaokoa matatu kutoka kwa wauza vyuma chakavu wa Gikomba. Yalikuja yameganda kwa kutu. Niliyalaza ndani ya mafuta ya taa siku mbili, nikayasugua kwa brashi ya waya, nikayatia grisi, mpaka mpini ukakubali kuzunguka kwa kusukumwa na kidole kimoja. Raha ya mzunguko ule wa kwanza sijui niielezeje. Hadi leo, na mvi zote hizi, chuma kilichoganda kikianza kulegea mkononi mwangu, mimi huhisi kama mtu niliyemwita kwa muda mrefu ameitika. Ndiyo maana nakuelewa unaponionyesha kwenye simu picha za jiliwa ulilolifufua, ingawa ile bluu uliyolipaka, unisamehe, ni ya milango ya hoteli.

Lakini jiliwa nililolitamani kuliko yote lilikuwa Kaloleni, nyumbani kwa Mzee Nzioka, mchonga mbao aliyekuja Nairobi kutoka Ukambani kabla sijazaliwa. Lilikuwa kubwa na zito, na midomo yake alikuwa ameivalisha ngozi ya kiatu kikuukuu ili isiume mbao. Jioni za Jumamosi aliniruhusu nikae karibu nimtazame akifanya kazi. Kuligusa hakuniruhusu. Alisema nina mikono ya haraka, nami nikadhani ananitania. Mwezi wa Novemba akaugua ghafla asubuhi moja, akapelekwa hospitali, na hakurudi. Tulimzika kwao.

Miezi minane baadaye binti yake, Mwende, alinisimamisha mlangoni mwa kanisa. "Wafula, mama anasema Jumamosi uje. Ni juu ya ile vaisi ya baba."

Basi mimi nikasikia nilichotaka kusikia. Siku hiyo ilipofika nikaazima mkokoteni kwa jirani, nikatia spana mbili mfukoni, nikashika njia ya Kaloleni nikipiga mluzi. Nilikuwa na furaha ya mtu aendaye kuchumbia.

Mama Mwende, mjane wa mzee, alinipokea kwa mikono miwili. Nyumba ilikuwa imefagiwa, naye amejifunga leso safi juu ya sweta. Akauona mkokoteni, akautazama mara mbili. "Keti kwanza, Wafula. Nakuletea chai halafu tutaenda huko nyuma pamoja," akasema, akaingia jikoni.

Sikuketi. Mlango wa banda la nyuma alimokuwa akifanyia kazi mzee ulikuwa wazi, na mwanga wa asubuhi umelala juu ya meza yake, mweupe, umetulia. Ningependa kusema kwamba mwanga ule uliniita. Ukweli ni kwamba nilienda mwenyewe.

Vumbi lilikuwa limefunika kila kitu humo ndani isipokuwa jiliwa. Lenyewe lilikuwa safi, limepanguswa mpaka kwenye pembe. Lilikuwa limebana mguu wa kigoda, nusu umeshalainishwa, nusu una alama za tupa. Kando yake palikuwa na kiti cha kigoda hicho na miguu miwili iliyokamilika. Mtu mwenye akili zake angeelewa. Mimi niliona skrubu tu, na nikataka kujua kama kutu imeingia ndani. Nikashika mpini. Ulikuwa umekazwa kwelikweli. Nikauegemea kwa uzito wangu wote, ukalia kidogo, ukaachia. Mguu wa kigoda ukaanguka sakafuni.

Nilipogeuka, Mama Mwende alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai mikononi. Hakunitazama mimi. Aliutazama ule mguu.

"Umefungua," akasema.

Nikaanza kubabaika, mara skrubu, mara kutu, mara nilitaka kuangalia tu. Aliweka sinia mezani, juu ya vumbi.

"Alikaza hiyo asubuhi ile aliyougua. Akaniambia, wacha ninywe chai, narudi kumalizia. Ni kigoda changu alikuwa ananitengenezea. Miezi minane napangusa hiyo vaisi, nashika huo mpini, nashindwa. Wiki hii ndiyo nikasema nitaweza. Nilikuita usimame tu hapo karibu na mimi, Wafula, halafu uibebe uende nayo. Lakini nilitaka nifungue mimi."

Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke. Nikainama, nikaokota ule mguu, nikaurudisha kati ya ile midomo ya ngozi, nikaanza kukaza kwa nguvu zangu zote, meno nimeyauma. Akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Wacha. Hiyo sasa ni nguvu yako. Yake imeisha."

Ndipo alipolia, nami nikalia, wala sioni haya kukwambia. Baadaye akanilazimisha ninywe chai, ingawa ilikuwa imepoa na kufanya utando juu. Sikuiona huruma kama ile tena maishani. "Mzee alikupenda," aliniambia. "Lakini alikuwa akisema, huyu kijana huona vitu kabla hajaona watu." Nikasema silichukui jiliwa. Akakataa katakata, alikuwa ameshaamua, na hakutaka kuliona tena. Nikalisukuma kwa mkokoteni hadi nyumbani uso umenishuka, watu wa Makongeni wakinitazama kama mwizi. Nimetengeneza majiliwa mengi tangu siku ile, lakini hilo halijawahi kunipa raha hata mara moja.

Sasa wewe umeniambia wiki ijayo unaenda Majengo, Pumwani, kwa familia ya yule fundi wa funguo aliyefariki, ukaangalie jiliwa lake. Macho yako yalivyong'aa ulipokuwa ukiniambia nilijiona mwenyewe, nikaogopa. Nenda, sikukatazi. Ila ukifika, piga hodi, salimia, keti unapoonyeshwa. Kunywa unachopewa. Waulize alikuwa mtu wa namna gani, na wakianza kusimulia usiangalie saa. Mkifika kwenye meza yake, mikono yako iweke nyuma ya mgongo. Kama jiliwa limefungwa, uliza ni nani aliyelifunga, halafu ungoje. Wakitaka kulifungua wenyewe, simama karibu nao. Wakikwambia rudi mwakani, rudi mwakani. Kutu nitakufundisha kuitoa, hata iwe ya miaka hamsini, lakini lile nililomfanyia Mama Mwende nimelisugua maisha yangu yote na bado lipo.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, aipe kazi nzuri mpaka uzeeni, na aipunguzie haraka. Na kwa kuwa kila mmoja wetu atakaza kitu asubuhi fulani akisema anarudi kumalizia, akujalie anayekupenda awe ndiye wa kukifungua.