Ng'ombe Ndani ya Samaki

Nilikuwa nimerudi nyumbani Masisi kwa muda, kumsaidia mama aliyevunjika mkono, na kazi yangu nikaja nayo ndani ya kompyuta. Nilikuwa naunga jenomu, yaani DNA yote, ya samaki wa bahari ya barafu ya kusini, yule ambaye damu yake haina wekundu hata kidogo. Mashine za maabara, huko ng'ambo ninakosomea, zilikuwa zimeshasoma DNA yake vipande vipande. Mimi nilitakiwa kuvipanga hadi kila kromosomu ipatikane nzima.

Vipande vingine vilikataa kuungana. Nikavilinganisha na vya wanyama wanaojulikana. Jibu likaja: ng'ombe.

Nilipanda kilima kutafuta mtandao, nikamwandikia profesa. Alijibu siku ileile: "Ulikula jibini la kwenu ndani ya maabara?"

Masikio yalinichoma. Jibini nililipeleka kweli, lakini tulilila ofisini, mimi na mwenzangu wa meza moja, wawili tu. Nani basi alimwambia? Nikaanza kukumbuka jinsi mwenzangu alivyopenda kubaki peke yake karibu na vichupa vyangu vya sampuli. Halafu nikajishuku mwenyewe. Nilinawa mikono siku ile? Na sweta langu, si lilitoka huku huku, kwenye zizi?

Niliposhuka kilimani, mama aliniona. "Sura yako iko vile juu ya nini?"

Nikamweleza. Akaiangalia kompyuta kana kwamba ndiyo iliyonisingizia.

"Bale bantu banasema ngombe yetu iliingia mu samaki yabo?"

"Karibu hivyo, Mama."

"Mimi pia balisemaka naweka maji mu maziwa. Nikabaambia bapime kwanza bidoni yabo ya kubebea maziwa, yenye haina kitu. Njo bakakuta maji ilibakiaka mule. Nyinyi mulipima yenye haina kitu?"

Hatukuwa tumeipima. Kulikuwa na kichupa kimoja tulichokitia dawa zote bila nyama ya samaki, kikabaki kwenye friza. Nikaomba kisomwe. Profesa akakubali, ila aliyekuwa na nafasi ya kuifanya kazi hiyo alikuwa mwenzangu yuleyule. Siku zile zote nilikamua ng'ombe vibaya, baba akinigombeza, nikiwaza atakachokitia humo ili nionekane mwongo.

Barua yake ilikuja kabla ya ile ya profesa. Ng'ombe alikuwemo hata katika kichupa kitupu. Dawa mojawapo ilitengenezwa kwa protini ya damu ya ng'ombe. "Si wewe," aliandika. "Nimeshamwambia profesa. Samahani pia, jibini nililitaja mimi, nilikuwa nalisifia tu."

Niliviondoa vipande vya ng'ombe, samaki akaungana vizuri.

Nimesharudi maabara, lakini mwenzangu sijamwambia niliyomdhania. Akinisalimia asubuhi, mimi ndiye ninayeangalia pembeni, na nadhani sasa ameanza kujiuliza ninamficha nini.