Jogoo wa Pole

Siku mkanda wa mashine ya kukoboa mahindi uliponivuta mkono wa kulia pale Uyole, aliyepiga kelele zaidi alikuwa bosi wangu. Mimi nilikuwa nimepigwa na bumbuwazi. Yeye alikuwa akiita ukoo wake mzima, hadi wale waliozikwa pwani. Alinikimbiza hospitali kwa gari lake mwenyewe, akiniombea dua njia nzima. Nilimpenda siku ile, nasema kweli.

Jeraha lilifunga lakini vidole vitatu vikakakamaa. Nikaenda kuuguzwa na mama yangu Kihesa, Iringa. Haukupita muda bosi akatufuata, safari yote ile kutoka Mbeya, na jogoo mwekundu kwapani. Aliwakuta majirani wa jumuiya wamejaa sebuleni. Akasimama mbele yao wote, akasalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, mama. Mwanao ameumia kwenye mashine yangu. Pole sana."

Mama akataka jogoo achinjwe palepale, mgeni ale. Lakini bosi ni Mwislamu na sisi ni Walutheri, kwa hiyo kisu kilikuwa chake, naye alikuwa anawahi basi. Mama akamwambia jogoo atamsubiri. Siku akirudi atamchinja mwenyewe, tule wote.

Hakurudi. Kwa sheria, mtu akiumia kazini, matibabu na mshahara wa siku za kuugua vinalipwa na mfuko wa fidia, ambao bosi alikuwa akiuchangia bila kukosa. Kilichotakiwa kwake ni kusema tu kwamba niliumia kazini. Yeye akasema niliteleza bafuni kwangu.

Bafuni! Chumba changu cha kupanga Uyole hakina bafu. Tunaogea nyuma ya nyumba, kwenye uzio wa mabati, na kama kuteleza, wangeteleza wapangaji wote. Baadaye nikajua kwamba rafiki yake, muuza spea za pikipiki, alimwambia akikubali tu, wakaguzi watakuja kufunga mashine. Mtu anaumwa jino, anakwenda kwa kinyozi.

Niliumia upya, na safari hii hakuna aliyenikimbiza hospitali. Daktari alikuwa amesema vidole vinaweza kulegea kidogo nikipata mazoezi ya tiba mapema. Bila neno la bosi hakukuwa na tiba, na juu ya hayo nikawa mwongo. Hilo la uongo ndilo lililoninyima usingizi.

Nikapeleka malalamiko kwenye mfuko, na tulipoitwa sote ofisini kwao Mbeya kusikilizwa, mama alifunga safari na kapu. Mlinzi wa getini akachungulia ndani yake.

"Mama, kuku haruhusiwi hapa."

"Huyu si kuku, baba. Ni shahidi."

Sijui mlinzi alifikiria nini, ila alitupisha. Ofisa alikuwa dada mmoja mpole, amechoka. Bosi akarudia habari za bafuni, tena safari hii akaongeza na sabuni. Mama akamwacha amalize. Kisha akaliweka kapu mezani, akalifunua, na jogoo akatoa kichwa na kuwika kwa nguvu zote.

Bosi akaruka kwenye kiti. "Ala! Kumbe hamjamchinja?"

Ofisa akaweka kalamu chini.

"Kwa hiyo unamfahamu," akasema.

"Alituletea yeye, kutupa pole," mama akadakia, akimgeukia ofisa. "Mwanangu, nani anabeba jogoo Mbeya mpaka Iringa kwa sababu mtu kateleza bafuni kwake?"

Bosi akainamisha kichwa, akakiri. Ofisa akamweleza kwamba fidia yangu italipwa na mfuko, ila kwa kudanganya ili ninyimwe haki, yeye atatozwa faini, na faini hiyo itatoka mfukoni mwake.

"Na ningesema kweli?" bosi akauliza kwa sauti ndogo.

"Usingetozwa kitu, mzee. Ndiyo maana unachangia."

Amekimbia manyunyu, akatumbukia mtoni. Nilicheka hadi mama akanifinya.

Tiba nilipata, ingawa ilikuwa imechelewa. Siku moja nikiwa Kihesa, bosi akabisha hodi, mikono mitupu. Mama akaenda jikoni, akarudi. Alimkabidhi kisu.

"Umemkuta. Chinja, tule wote."

Akachinja kwa bismillahi, nasi tukamsubiri jogoo jikoni hadi akaiva, maana alikuwa amezeeka. Tulipoketi kula, nikashika paja kwa mkono wa kulia, likaniponyoka. Nikalishika tena, likaponyoka tena. Mkono wa kushoto kwenye sahani ya pamoja ni aibu, kwa hiyo nikajifanya nimeshiba.

Bosi alikuwa akivitazama vile vidole. Tangu hospitali hakuwa amevitazama sawasawa. Akalivuta lile paja, akainyofoa nyama yote mfupani, akanisogezea vipande kidogo kidogo upande wangu.

Hapakuwa na ofisa pale, na shahidi alikuwa chunguni.

"Kula," akasema. "Uliumia kwangu."