Dawa ya Paka Wangu

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Nililelewa Kenya nikarudi Juba nikiwa mtu mzima, na hapa nimejifunza kugeuza kila pakiti ya dawa nione tarehe, kisha kuigeuza tena nione kama tarehe hiyo haikubandikwa juu ya nyingine. Kwa hiyo paka wangu alipoumwa na mbwa pajani, jeraha likafanya usaha, hata daktari wa mifugo nilimwendea kwa jicho la pembeni.

Kliniki yake iko Thongpiny, na wateja wake wengi ni mbwa wa mashirika ya misaada, wale waliochanjwa kunishinda mimi. Alianza kwa kumpima paka uzito, jambo lililonitia shaka, maana mimi mwenyewe nikiumwa huwa napewa dawa kwa kutazamwa tu. Kisha akanipa vidonge vyeupe kwenye bahasha ya karatasi. Nikataka kuona kopo vilikotoka. Akanionyesha bila kununa. Robo asubuhi, robo jioni, baada ya chakula, na maji kidogo juu yake ili kidonge kisimkwame kooni. Hata akionekana amepona nisiache mpaka viishe. Na dawa ya binadamu asipewe kamwe, hata ile ya kichwa, kwa sababu kwa paka hiyo ni sumu.

Nyumbani kwetu Lemon Gaba mimi na paka tunaishi na shangazi, dada ya marehemu baba. Shangazi alikuwa mkimbizi Uganda, na alirudi na imani kwamba hakuna maumivu yanayoishinda parasetamoli. Hununua vidonge vyake soko la Custom, anavifunga kwenye fundo la lawa, ile shuka anayoifunga begani, na yeyote anayeguna mbele yake hupewa: jirani, fundi wa paa, mwendesha boda aliyelalamika mgongo. Kuwa na dawa na kumnyima mgonjwa, kwake, ni dhambi.

Lakini shangazi hakumpenda paka, au ndivyo nilivyoona. Alimwita mwizi wa samaki na mara moja alimrushia kandambili. Basi sikumwambia neno kuhusu matibabu. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, na vidonge nikavificha mkobani. Nilimpa paka dawa chumbani, mlango umefungwa, nimemviringisha kwenye taulo miguu yote ndani, nikimfungua taya kwa kidole na kudondosha kidonge nyuma kabisa ya ulimi. Alinichukia waziwazi.

Usaha ukakauka, nami nikaanza kumheshimu daktari kidogo. Kisha asubuhi moja nikamkuta paka kajikunja chini ya meza, uso umevimba, nyayo zimevimba, anahema kama aliyepanda mlima. Fizi zake zilikuwa na rangi ya matope. Ama vidonge vilikuwa feki, ama kuna mtu amemtilia kitu. Nilimtazama shangazi jikoni akisonga asida, ugali wa huku, na hata mgongo wake niliuona una hatia.

Nilimtia paka kikapuni nikaita raksha, ile bajaji ya magurudumu matatu. Shangazi akafunga jiko akapanda pia, bila kualikwa. Hilo nalo nikalishuku.

Daktari alitazama fizi, akauliza paka amepewa nini kingine. Nikamjibu kwa ukali kwamba mimi hufuata maagizo, na kama kuna wa kuulizwa ni yeye aliyetoa vidonge. Akauliza tena, safari hii akimtazama shangazi.

Shangazi akashika lile fundo begani.

"Mimi napea yeye nusu jana," alisema. "Ndani ya samaki. Ilikuwa nalia, maskini."

Nikamuuliza tangu lini anamhurumia paka.

"Mimi hapana ona wewe napea yeye dawa hata siku moja," akasema. "Nilifikiri wewe iko nangoja ikufe."

Wakati wote nilipokuwa nikimchunga yeye, naye alikuwa akinichunga mimi, na kati yetu paka alikuwa anakufa. Daktari hakungoja tumalizane. Alikuwa ameshaanza kumtundikia dripu na dawa ya kuikata ile sumu, akatuambia ni vizuri tumewahi lakini haahidi kitu. Tulikaa benchi moja. Shangazi alimwombea yule mwizi wa samaki kwa sauti, kwa majina yote ya Mungu anayoyajua, nami nikaitikia amina huku machozi yakinitoka.

Paka alipona, ila vidonge vya jeraha bado havijaisha. Siku hizi bahasha ya dawa inaning'inia kwenye msumari jikoni, kila mtu anaiona, na ninapotoa kidonge shangazi husimama mlangoni kushuhudia. Vidonge vyake mwenyewe bado anavifunga begani, ila ameapa ni vya watu tu. Ninamwamini, ingawa jicho langu halijatoka kabisa kwenye lile fundo.

Paka naye hajui habari za sumu. Anamjua aliyemfunga kwenye taulo, na anamjua aliyempa samaki. Akisikia karatasi ya bahasha ikichakarika mkononi mwangu, hukimbia kwenda kujificha chini ya lawa ya shangazi, na kutoka huko ananikodolea macho.