Mgema Aliyetoka Mapumzikoni

Aleykutty alikuwa na miti mia tatu na themanini ya mpira ya kugema kila alfajiri, magoti mawili yasiyosikilizana, na ubao mmoja mweusi. Miti ilimpa riziki. Ubao ulimpa jina.

Ubao wenyewe ulitundikwa nje ya maktaba ya kijiji cha Poovathumala, ukitazamana na kibanda cha chai, na zamani ulikuwa wa matangazo ya mikutano na misiba. Miaka kumi na mmoja nyuma, Mwalimu Bhaskaran, mtunza maktaba, alichoka kumsikia Aleykutty akizichambua filamu kwa sauti katikati ya watu wanaosoma magazeti. Akamkabidhi kipande cha chaki.

"Haya, kaseme huko nje. Na usizidishe mistari minne."

Alidhani amemnyamazisha. Kumbe amemwagia petroli motoni.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi kabla ya saa tano, wanakijiji walisimama mbele ya ubao wakiwa na glasi za chai mikononi, wasome Aleykutty anasemaje kuhusu filamu iliyoingia Ijumaa kwenye ukumbi wa Pappachan kule sokoni. Shule aliiacha darasa la saba, lakini rafu ya riwaya ya maktaba aliimaliza mara mbili, na jicho lake lilikuwa la mtu wa kazi. Filamu moja ya msiba, iliyotengenezwa na kijana wa kaskazini, aliiandikia hivi: "Wafiwa wanalia vizuri, ila hakuna hata mmoja anayeuliza nani atapika." Nyingine ya kondakta wa basi akaiandikia: "Siku nzima kazini na mkoba wake haulii sarafu. Sikumwamini hata alipopenda." Mijini wako wachambuzi wanaogawa nyota kama pipi za arusi, na wengi wao hawajawahi kupata sugu hata moja. Poovathumala haikuwasoma hao. Ilimsoma Aleykutty, na ilifanya vyema.

Alikuwa na umri wa kuitwa bibi, lakini wakubwa kwa wadogo walimwita Chechi, dada mkubwa. Na aliwapenda vijana hawa wapya wa filamu za Kimalayalam, lugha ya huko, walioziacha nyimbo za kwenye theluji wakaingiza kamera zao jikoni, kwenye vivuko na kwenye baraza za vituo vya polisi, mahali watu wanapoishi kweli. Akiulizwa mbona basi anawakaba koo, alijibu, "Ni watoto wetu. Wa jirani ningewachekea tu."

Basi ikaja Ijumaa ya filamu iitwayo *Kikombe Kisichojaa*. Ilikuwa ya kwanza ya Jilsa, binti wa upande wa pili wa mlima, na ilihusu mjane anayegema mpira. Mgema! Katika maisha yake yote Aleykutty alikuwa amewatazama mashujaa polisi, majambazi, madaktari na wana wa matajiri. Siku hiyo alivaa sari ya Jumapili.

Dakika ya kumi, mjane wa kwenye filamu akachukua kisu, akausogelea mti, akaanza mkato juu upande wa kulia na kuushusha kushoto.

Mgema yeyote huanza kushoto akashukia kulia, maana hivyo ndivyo utomvu unavyotoka kwa wingi na kujaza kikombe kilichofungwa mtini. Mtoto wa kijiji kile analijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mara ya kwanza Aleykutty alisogea mbele kitini. Mara ya pili akamfinya aliyeketi jirani. Mara ya tatu ukumbi mzima ukamsikia: "Jamani, huyo anagema au anamkuna mti mgongo?"

Watu wakaangua kicheko. Kicheko cha ukumbi mzima ni kitamu, kinalevya. Yakaja mapumziko ya katikati ya filamu, na watu wa huku hukumu zao huzitoa mapumzikoni, chai mkono mmoja na kipande cha bajia mkono wa pili. Aleykutty hakungoja hata chai. Alichukua mwavuli wake akaenda zake.

Asubuhi ubao ukasema: "*Kikombe Kisichojaa*. Kitajaaje, na mkato umegeuzwa? Aliyeitengeneza ameuzunguka mlima wetu asitazame hata mti mmoja. Lala nyumbani, utaota vizuri zaidi."

Kibanda cha chai kilipiga makofi. Watu wakaupiga ubao picha kwa simu, wakazituma mpaka kwa ndugu zao walio Dubai. Nazar muuza samaki aliyakariri maneno yale njia nzima juu ya pikipiki yake badala ya kutaja bei ya dagaa. Mwalimu Bhaskaran peke yake alisoma, akavua miwani, akatikisa kichwa.

"Aleykutty, mgema akisifiwa tembo hulitia maji."

"Mimi nagema mpira, Mwalimu. Tembo waachie wa minazini."

Jumatatu skuta ikasimama mbele ya maktaba. Aliyeshuka alikuwa msichana mwembamba, nywele amekata fupi, koti la mvua limemzidi kimo. Akausoma ubao mara mbili.

"Nani kaandika?"

Kila mtu akainamia glasi yake. Aleykutty akasimama. "Mimi. Na chaki ninayo bado."

"Mimi ndiye Jilsa. Chechi, ulikaa mpaka mwisho?"

"Mwanangu, anayeonja mchuzi halazimiki kumaliza chungu."

"Sawa. Ila wewe umeonja maji yaliyooshewa mchele. Mchuzi ulikuwa bado jikoni."

"Loo!" Nazar akapiga paja. "Chechi, hilo limekuingia!"

"Nyamaza wewe, kauze samaki wako kabla hawajafufuka."

Jilsa alicheka nao, kisha uso ukamtulia. Akaeleza kwamba Pappachan haonyeshi filamu kama watazamaji hawafiki kumi. Jumamosi walikuja sita, Jumapili wanne. Kesho adhuhuri wasipofika kumi, filamu inaondolewa, keshokutwa inaingia ya mapanga. "Miaka minne nimeihangaikia. Ule mkato, Chechi, sikukosea. Zaidi ya hapo sikwambii. Kama filamu haiwezi kujisemea, basi haina haja ya mimi." Akapanda skuta, chai aliyomiminiwa akaiacha inatoa mvuke.

Mchana ule Aleykutty alipitisha utomvu ulioganda kwenye mashine ya kusukumia, bamba moja la mpira baada ya jingine, na moyo wake haukutulia. Kulikuwa na jambo aliloliona Ijumaa na hakuliandika. Mikono ya yule mwigizaji. Chini ya kucha mlikuwa na weusi ule wa mpira usiotoka hata kwa majivu, na kwenye kidole gumba alikuwa na kovu la kisu. Mikono ile ilikuwa imefundishwa na mtu. Aliiona, akachagua kicheko. Kuna dhambi gani kubwa kuliko hiyo kwa mwenye chaki?

Jumanne, saa sita kasorobo, alikuwa dirishani kwa Pappachan.

"Wangapi?"

"Wanne, pamoja na wewe," akasema Pappachan, mtu mnene asiyeona haraka popote. "Wapenzi wawili waliofuata giza, na bwana mmoja aliyefuata feni."

"Na Jilsa yule pale?"

"Mwenye arusi hahesabiwi kwenye wageni."

"Basi niuzie tiketi sita nyingine."

"Chechi, tiketi hazina macho. Nataka vichwa. Una dakika ishirini. Na umenishangaza, maana waliokimbia wamekimbizwa na chaki yako."

 Aleykutty akatoka na magoti yake mabovu akaingia sokoni.

"Nazar! Funika samaki, twende sinema."

"Ile uliyotuambia tulale?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Amka."

Nazar alikuwa na wateja wawili, kina mama wenye vikapu, na mmoja akang'aka, "Unampeleka wapi na changu langu halijakatwa?" Akajibiwa, "Mfuate, utakatiwa akitoka." Wakamfuata huku wakilalamika, hao watatu. Mwalimu Bhaskaran akafunga maktaba kwa mara ya kwanza mchana wa siku ya kazi, akaacha kikaratasi mlangoni: *Nimekwenda kushuhudia toba.* Wanne. Fundi wa miavuli pale kona hakuombwa mara mbili. Jua lilikuwa linawaka na kazi hakuna. Watano.

Wakabaki wamesimama dirishani, tisa jumla, na dakika ishirini zimekwisha. Pappachan akainua mabega. Hapo hapo mkewe akaingia na chakula chake cha mchana, muhogo na mchuzi wa samaki, kwenye kontena la bati.

"Wa kumi huyo!" akapiga kelele Aleykutty.

"Mke wangu hahesabiwi," akasema Pappachan.

Mkewe akalishusha kontena taratibu juu ya kaunta. "Kwa nini nisihesabiwe? Nina kichwa au sina?"

Pappachan akamtazama mkewe, akatazama muhogo, akawasha mashine.

Nusu ya kwanza Aleykutty aliitazama amejikunyata. Mapumzikoni hakuinuka kitini. Kisha nusu ya pili ikaanza, na msimamizi wa shamba akamuuliza yule mjane aliyejifunzia wapi mkato wa kipuuzi namna ile. Filamu ikarudi nyuma miaka mingi. Mume alikuwa hai, anagema, na hamruhusu mkewe kukigusa kisu chake. Mke alisimama ng'ambo ya mti na ndoo, uso kwa uso na mumewe, miaka kumi na tano, akitazama. Mume alipokufa alikishika kisu na kufanya kile macho yake yalichokiona. Na kwa kuwa alikiona kutoka mbele, kama mtu atazamavyo kioo, kila kitu kilitoka kimegeuka.

"Mama yangu!" Aleykutty akashika kichwa. Kumbe ndiyo maana kikombe hakijai. Yeye mwenyewe alikuwa ameliandika jambo hilo kwenye ubao, kwa dhihaka, bila kujua ameusoma moyo wa filamu.

Halafu bibi mmoja mgema akaja nyuma ya yule mjane, akaweka mikono yake juu ya ile ya mjane, akakigeuza kisu. Hapakuwa na muziki. Palisikika kisu, ndege, na pumzi za wanawake wawili. Hivyo hivyo ndivyo mama mkwe wake Aleykutty alivyosimama nyuma yake, miaka thelathini na sita iliyopita, akinukia bizari na jasho. Akajikuta ameinuka.

"Kaza kiwiko, mwanangu! Kaza!"

"Usiguse mti wenyewe, gome tu!" akadakia mama wa changu.

"Polepole!" akapaza Mwalimu Bhaskaran, ambaye maisha yake yote hajagema hata kidole. Tone la kwanza likaanguka. La pili. Ukumbi wa watu kumi ukahesabu matone kama watu mia, mpaka wapenzi wakasahau giza lao, na kikombe kilipojaa Nazar akapiga mluzi uliowatoa njiwa darini.

Jioni ile Aleykutty hakuyafuta maneno ya zamani. Aliandika chini yake, na Mwalimu akamruhusu kuvuka mistari minne: "Maneno ya juu ni ya mtu aliyeona nusu. Nusu ya pili nimeiona leo, na sisemi ina nini. Anayejua kugema aende akaone kwa nini mkato umegeuzwa. Asiyejua aende, atafundishwa. Ni mimi Aleykutty, niliyetoka mapumzikoni."

Jumatano alfajiri mvua ikashuka, mvua ile nzito ya kushona mbingu na ardhi. Mvua ya alfajiri maana yake hakuna kugema, maji yanauharibu utomvu. Mlima mzima ukaviacha visu vyake ukutani. Saa sita, mbele ya ukumbi wa Pappachan kulikuwa na miavuli mpaka barabarani, na Pappachan alikuwa anaomba mabenchi kanisani.

"Chechi, leo tukufunge kamba kitini?" akauliza mmoja.

"Nifungeni. Nanyi nitawafunga na mimi."

Na kweli, mapumziko yalipofika alisimama mlangoni, mwavuli ameuweka mlalo kama kizuizi cha polisi. Watu wakanywa chai yao, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyetoa hukumu.

Jilsa alikuwa kwenye ngazi, amelowa chapachapa, anacheka peke yake.

"Una kosa moja," Aleykutty akamwambia. "Ndoo. Mgema habebi ndoo kwa mkono wa kisu. Filamu ya pili urekebishe."

"Ya pili, Chechi?"

"Sasa ulidhani tutakuachia moja? Ingia, usilowe. Wanakaribia kikombe."

Ndani watu walikuwa wameshaanza kupiga kelele: kaza kiwiko, kaza!