Sauti ya Bibi Ndani ya Folda Iliyofungwa

Mama mdogo alifika chumbani kwangu Tumbi akitokea wodini, kompyuta ameiviringisha kwenye kanga ndani ya kikapu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akitafuta pa kuiweka. Bibi, mama yake, alikuwa amelazwa kwa kiharusi katika hospitali ya hapo hapo Tumbi. Alitutambua wote, lakini mdomo haukuweza tena kutoa neno.

"Faili la bibi yako halifunguki," akasema.

Nililijua hilo faili, ingawa sikuwahi kulisikia. Bibi ndiye kungwi aliyebaki upande wetu wa Kisarawe, anayekaa na mwali ndani na kumfundisha kwa nyimbo na maneno ambayo mwanaume hatakiwi kuyasikia. Mama mdogo alikuwa akijifunza kazi hiyo kwake, na ndiye aliyemshawishi akubali kurekodiwa. Bibi alitoa sharti moja: wajukuu wa kiume, ambao huitumia kompyuta hiyo kuangalia mpira, wasiweze kufungua kitu. Nami pia ni mjukuu wa kiume, ila ndimi niliyesomea kompyuta, kwa hiyo nikaitwa kuweka kufuli.

Nilibisha kwanza. Nikauliza ni siri gani hiyo wakati mtandaoni kila kitu kipo, na kwa nini binti afundishwe maisha kwa mafumbo.

"Chuo kimekufundisha kuuliza tu," mama mdogo akanikata. "Kufunga mlango hawajakufundisha?"

Programu za kazi hiyo zipo tele. Lakini siamini kitu ambacho sijui ndani yake kuna nini, kwa hiyo nikaandika yangu. Ilikuwa programu ya kawaida tu, isiyogusa kiini cha mfumo wa kompyuta, iliyokaa kati ya folda na diski. Ukiandika kitu kwenye folda, inakigawa vipande, inavifumba kwa ufunguo unaotokana na nenosiri, ndipo inavipeleka diskini. Ukifungua faili, inavifumbua. Mama mdogo aliweka nenosiri mimi nikiwa nimegeukia ukutani. Nikaijaribu kwa picha na nyimbo zangu, vyote vikatoka salama.

Ila katika majaribio hayo nilikuwa nimenakili humo mafaili yaliyokwisha kukamilika. Bibi hakutaka sauti yake ikae nje ya kufuli hata kidogo, kwa hiyo walirekodi moja kwa moja ndani ya folda. Aliongea asubuhi nzima. Kabla hawajarudia kusikiliza, akaanguka.

Sasa, kompyuta ikiwa mbele yangu, nilinakili kwanza kila kitu kama kilivyo, kikiwa bado kimefumbwa, kwenye flashi, maana sikuiamini tena mikono yangu. Kisha nikaanza kusoma msimbo wangu, yale maagizo niliyoiandikia programu, mstari kwa mstari. Mama mdogo alikaa ukingoni mwa kitanda. Kila nilipoacha kubonyeza aliinua macho.

Kosa lilikuwepo, na lilikuwa la kijinga. Programu ya kurekodi ikimaliza hurudi mwanzo wa faili kuandika urefu wa sauti, tarakimu chache tu. Programu yangu ilitakiwa ifumbue kipande cha kwanza, ibadilishe mahali pale tu, kisha ikifumbe upya. Badala yake iliandika zile tarakimu na kuacha sehemu yote iliyobaki ya kipande hicho tupu. Nikarekebisha msimbo, nikaunda upya mwanzo wa faili. Mama mdogo akaandika nenosiri. Faili likafunguka, dakika zikaonekana.

Lakini dakika si sauti. Kama kosa lile lilitokea na katikati, tulikuwa na ukimya mrefu wenye jina la bibi. Hedfoni zilikuwa mezani. Kila nilichowahi kutengeneza nilikihakiki mwenyewe, na mkono ulishaanza kwenda.

"Usiguse," akasema mama mdogo.

Akazivaa yeye. Mimi nikabaki kuuangalia uso wake, ambao haukuniambia kitu. Kisha midomo ikaanza kutembea, bila sauti, kama mtu anayeitikia.

"Mwanzo umekatika kidogo," akasema.

"Neno gani limepotea?"

"Si neno. Alikuwa anavuta pumzi."

"Na katikati?"

Akanionyesha mlango. Nikatoka. Nikiwa koridoni nikamsikia akiitikia, safari hii kwa sauti, na nikaanza kuyatambua maneno. Hakuna aliyekuwa akiniona. Nikaenda mpaka bombani, mwisho wa ua, nikafungulia maji kwenye ndoo isiyo yangu.

Alitoka jua likiwa limeshaegemea upande wa pili, kikapu mkononi, macho mekundu.

"Ipo yote," akasema. "Narudi wodini nikamwekee masikioni."

Nilimuuliza ana uhakika gani kwamba bibi ataelewa.

"Sina," akajibu. "Chukua kikapu, unisindikize. Ila mlangoni utabaki nje."